Bila Sampuli Boksi Halitoki

Mlangoni mwa lile duka la vipuri vya malori palining'inia ngoma ya breki, kuukuu na nzito, imefungwa kwa mnyororo kwenye boriti. Mtu akiuza mzigo mkubwa alichukua spana namba thelathini na mbili akaipiga ngoma ile pigo moja, na barabara nzima ikajua kwamba leo kwa wauza spea kuna mtu kafura kichwa. Ilikuwa desturi nzuri, ila ilikuwa na kasoro moja ya kumkera mwenye akili zake: ngoma ilipigwa na watu wa mauzo tu. Aliyepanda ngazi kushusha boksi, aliyepangusa vumbi, aliyekumbuka kwamba beringi za ukubwa ule zilihamishiwa rafu ya chini tangu mwaka juzi, huyo alisikilizia nyuma, stoo.

Mama Sampuli alisikilizia stoo kwa miaka kumi na moja.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya neno lake. Mteja akija kutaka kifaa, wengine walimuuliza aina ya lori. Yeye aliuliza, "Sampuli iko wapi?" Maana yake, lete kile kilichokufa tukione. Akiletewa alikigeuza, akakipitisha kidole, akahesabu matundu, akahesabu meno, ndipo akaenda rafuni. "Karatasi inaweza kudanganya," alikuwa akisema. "Chuma kitadanganya ili kipate nini?"

Sasa, kila Jumatatu asubuhi Bosi alibandika ukutani karatasi ya Habari za Wafanyakazi, ameiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, miwani puani: nani kapata mtoto, nani kamuoza binti, nani kauza nini wiki iliyopita. Kwa miaka yote hiyo kumi na moja Mama Sampuli aliandikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni alipoajiriwa. Mara ya pili ilikuwa miaka miwili nyuma, na maneno yake aliyajua kwa moyo kama mtu anavyojua mahali kidonda chake kilipo: "Kosa la stoo. Pleti kumi na mbili za klachi zisizofaa. Mteja amepotea."

Mteja mwenyewe alikuwa Mzee Msafara, mwenye malori arobaini. Muuzaji nambari moja wa duka, kijana mmoja mwepesi wa ulimi na mwepesi wa miguu waliyemwita Risasi, alichukua oda kwa simu, akaandika, akarusha karatasi dirishani mwa stoo. Pleti ya klachi ina tundu katikati, na tundu hilo lina meno yanayoumana na meno ya shafti ya giaboksi. Yakipishana idadi, haiingii hata ukiisomea dua. Karatasi ilisema pleti za meno kumi. Mama Sampuli alishika ya kwanza mkononi, akakumbuka wazi kabisa kwamba malori ya Mzee yalikuwa ya meno ishirini na nne. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, kwa sababu dukani palikuwa na msemo: stoo haibishani na kaunta.

Malori kumi na mawili yalilala juu ya mawe, giaboksi zimeshushwa chini, siku tisa nzima, mpaka pleti za meno ishirini na nne zilipoagizwa zikafika. Vitunguu vya watu vikaoza. Mzee Msafara akarudisha pleti kumi na moja, akahamia duka la ng'ambo ya barabara, na tangu siku hiyo hakugeuza hata shingo akipita. Lawama ikaangukia stoo. Risasi alikaa kimya, na Mama Sampuli naye hakujitetea, kwa sababu kilichomuuma hakikuwa lawama. Kilichomuuma ni kwamba alijua, akanyamaza.

Jumatatu moja karatasi ikabandikwa, na watu wakajazana mbele yake na vikombe vyao vya chai. Habari zilikuwa mbili. Ya kwanza, msimamizi wa kaunta anastaafu mwisho wa mwezi, na kiti chake kitapewa mmoja wao. Ya pili ilimfanya Bosi aisome kwa sauti.

"Mzee Msafara anabadilisha klachi za malori ishirini na mawili kwa mpigo. Ametuambia sisi, amewaambia na wale wa ng'ambo. Yeyote atakayepeleka pleti zote zikaingia, zote, kabla ya saa nane mchana Jumamosi, atapewa biashara yake ya malori yote arobaini."

"Hiyo ni yangu," Risasi akasema, akachukua spana pale mlangoni akaipima uzito mkononi. "Bosi, andaa kalamu. Na hicho kiti kifutwe vumbi."

Watu wakacheka. Mama Sampuli, aliyesimama nyuma na fungu lake la funguo, hakucheka. Alikuwa anakitaka kiti kile. Alikitaka sana, na si kwa ajili ya feni iliyo juu yake. Aliyekaa pale ndiye aliyekuwa na haki ya kusema hapana kabla mzigo haujatoka.

"Sampuli iko wapi?" akauliza.

Kikazuka kicheko kikubwa kuliko cha kwanza.

"Mama yangu," Risasi akasema kwa upole wa kumuudhi mtu, "orodha ninayo kwenye simu. Malori ishirini na mawili, aina moja, kiwanda kimoja. Na safari hii nimeandika ishirini na nne zote. Si ndizo alizozitaka? Au mpaka nikuletee lori lenyewe mgongoni?"

"Ukiliweza, lilete."

Lakini hakuridhika. Risasi alikuwa amejifunza kosa la zamani vizuri mno, akadhani kulipindua kosa ndiko kupatia.

Jioni ile alipofika nyumbani, mumewe alikuwa bado barazani na cherehani yake, mguu juu ya kikanyagio, pini tatu mdomoni. Alimtazama mkewe akivua viatu, akazitoa pini moja moja.

"Nani kakutia ndimu?"

Akamweleza yote. Fundi cherehani alisikiliza huku akikunja pindo la suruali ya mtu.

"Mimi nikikata kitambaa bila kumpima mwenyewe," alisema mwishowe, "nguo hiyo huwa naivaa mimi. Ndiyo maana nina suruali nne zisizonitosha. Nenda kapime, mke wangu."

"Nikapime kama nani? Mimi ni stoo, Baba Pacha. Yule mzee akiniona atanifukuza na mbwa."

"Atakufukuza, utakimbia. Wewe miguu unayo. Miaka miwili unageuka-geuka kitandani usiku, mimi ndiye nanyang'anywa shuka. Kamalize hilo jambo tulale."

Alhamisi akaomba ruhusa ya siku moja, akafunga kilemba chake kwa nguvu, akaenda.

Yadi ya Mzee Msafara ilikuwa pana, ardhi yake nyeusi kwa oili. Malori yalikuwa yamepangwa ubavu kwa ubavu, vibanda vya mbele vimeinamishwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya bati na dirisha lisilo na pazia. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, mfupi, kofia ya kushona kichwani. Na ukutani juu ya kichwa chake, kwenye msumari, ilining'inia pleti ya klachi, mpya, inang'aa, bado ina alama ya rangi ya duka lao. Chini yake ameandika kwa mkono: USISAHAU. Ilikuwa ile ya kumi na mbili, ambayo hakuirudisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

Akataja duka. Mzee akaweka kalamu chini taratibu.

"Nani alinipa takataka hii?" Akaonyesha ukutani bila kugeuka. "Miaka miwili nauliza. Muuzaji wenu alisema ni stoo. Bosi wenu alisema ni bahati mbaya. Nani?"

Hapo angeweza kusema kweli nusu, kwamba karatasi iliandikwa hivyo, na ingekuwa kweli. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi, mzee. Karatasi ilikosewa, lakini mimi niliishika pleti nikajua siyo. Nikanyamaza. Vitunguu vyako vilioza kwa ajili ya mdomo wangu."

Mzee Msafara akageuka, akaitazama ile pleti ukutani. Nje mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha, akaanza tena.

"Na leo umekuja kufanya nini?"

"Kuhesabu meno."

Yule mzee hakutabasamu, lakini aliinuka mwenyewe akampeleka nyuma ya gereji. Huko palikuwa na lundo la vyuma chakavu kimo cha mtu, na ndani yake pleti zote zilizowahi kutolewa kwenye malori yale, maana fundi mkuu wa yadi alikuwa na tabia ya kuandika namba ya lori kwa rangi nyeupe juu ya kila kifaa kabla hajakitupa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama Sampuli aliinama. Alivuta, akasugua kutu kwa kitambaa, akasoma namba, akapitisha kidole tunduni akihesabu midomo ikichezacheza, akaandika kwenye daftari. Kufika saa saba kilemba kilikuwa cheusi, na daftari lilikuwa limeshamwambia mambo.

Malori yale yalikuwa ya aina moja siku yalipotoka kiwandani. Tangu hapo yalikuwa yameishi. Moja lilipasua giaboksi likapewa ya lori lililopinduka. Jingine likabadilishiwa mnadani. Kati ya ishirini na mawili, kumi na matatu yalikuwa ya meno ishirini na nne, na manane yalikuwa ya meno kumi.

"Hayo ni ishirini na moja," Mzee akasema. Alikuwa amesimama pale muda wote bila kwenda kula.

"Moja pleti yake haimo. Ile namba kumi na saba."

"Liko safarini. Linarudi Jumamosi asubuhi. Kisia basi."

"Sikisii, mzee. Kukisia ndiko kulikotufikisha hapa. Likirudi, lishusheni giaboksi tuone."

Fundi mkuu akamtazama Mzee, Mzee akakubali kwa kichwa. Kisha wakamwazima Mama Sampuli kipande cha shafti ya meno kumi, urefu wa kiganja, akakitia kwenye mkoba wake.

Ijumaa asubuhi maboksi ishirini na mawili yalikuwa yameshapangwa mlangoni mwa stoo, na gari la kupeleka mzigo linaunguruma nje. Risasi alikuwa na karatasi ya kutolea mzigo mkononi, imesainiwa. Ng'ambo ya barabara wapinzani wao walikuwa wameshaondoka na mzigo wao tangu alfajiri, jambo lililomfanya Risasi atokwe jasho.

"Fungua geti, mama. Wametutangulia!"

Mama Sampuli alisimama mlangoni, funguo kifuani.

"Boksi halitoki."

Neno hilo halikuwahi kusikika dukani pale. Watu wa kaunta waligeuka. Bosi akatoka ofisini, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Kuna nini?"

"Bosi, mama huyu anatuua," Risasi akasema. "Karatasi imesainiwa na wewe mwenyewe!"

Mama Sampuli hakubishana. Alifungua boksi la juu, akatoa pleti, akatoa mkobani kile kipande cha shafti, akampa Bosi vyote viwili.

"Hii shafti imetoka kwenye lori la Mzee Msafara. Ingiza."

Bosi akajaribu. Akageuza, akajaribu tena. Akavuta miwani machoni, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Chuma kikagoma.

"Yako mangapi ya hivi?"

"Manane ya hakika, na moja silijui. Stoo tuna pleti nane za meno kumi, zote zilizobaki. Tupeleke hizo nane, na kumi na nne za ishirini na nne. Miaka miwili iliyopita niliona nikanyamaza, Bosi. Leo hata ukinifukuza, nimesema."

Bosi alisimama na chuma kila mkono, akamtazama kama mtu anayemuona kwa mara ya kwanza, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Halafu akachukua ile karatasi aliyoisaini akaichana vipande vinne.

"Toeni anavyosema Mama Sampuli."

Na hapa lazima Risasi tumpe haki yake, maana si kila mwenye mdomo ana roho mbaya. Masikio yamemwiva, alikunja mikono ya shati lake jeupe, akabeba maboksi yale mwenyewe mpaka la mwisho.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa yadini, Bosi, Risasi na Mama Sampuli. Pembeni mwa geti palikuwa na maboksi ishirini na mawili ya duka la ng'ambo, wazi, yamekataliwa yote: pleti nane zilikuwa zimegomea shafti, na Mzee alisema zote. Mafundi walikuwa wameshusha giaboksi usiku kucha kwa zamu. Pleti zikaanza kujaribiwa lori kwa lori, na kila iliyoingia ilitoa mlio mmoja mdogo, klik, na kila mlio Mama Sampuli aliuhesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na moja. Hakuna hata moja iliyogoma.

Lori namba kumi na saba liliingia saa nne kasorobo, limegubikwa na vumbi, likavamiwa na mafundi sita kabla dereva hajashuka vizuri. Ilipofika saa saba na nusu giaboksi ilikuwa chini. Mama Sampuli akapiga magoti kwenye oili, akapitisha kidole kwenye shafti. Akahesabu. Akahesabu tena, kwa sababu hakupenda alichokipata.

"Kumi," akasema.

Pleti za meno kumi walikuwa nazo nane, na zote nane zilikuwa zimeshaingia. Mpya zingechukua siku tisa, zile zile siku tisa. Risasi alishika kichwa. Bosi alianza kupiga simu huku na huku, sauti ikipanda. Mzee Msafara akatazama saa yake, na usoni mwake palikuwa na kitu kilichofanana na huzuni.

"Pole, mama," akasema. "Ulijitahidi. Lakini nilisema zote."

Mama Sampuli alibaki amepiga magoti. Miaka kumi na moja ya rafu na maboksi ilipita kichwani mwake, kila pleti ya meno kumi iliyowahi kuingia, kila moja iliyowahi kutoka, kumi na mbili zilizotoka siku ile, kumi na moja zilizorudi. Akanyanyua kichwa.

"Mzee," akasema, "ile ya ukutani kwako haijawahi kuvaliwa."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Mzee Msafara akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akacheka mpaka kofia ikadondoka na dereva akamuokotea. Aliingia ofisini mwenyewe, akarudi ameibeba kwa mikono miwili, akampa. Mama Sampuli aliipangusa vumbi la miaka miwili kwa upindo wa nguo yake, akaielekeza kwenye shafti, akasukuma.

Klik.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na moja. Mafundi walipiga kelele wakagonga spana kwenye bodi za malori. Risasi alimkumbatia Bosi, wakaachana haraka kwa aibu. Mama Sampuli alikaa chini pale pale kwenye oili akalia, na hakumficha mtu.

Jumatatu karatasi ilikuwa na habari moja tu, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: "Malori arobaini yamerudi. Aliyeyarudisha ni Mama Sampuli, ambaye kuanzia leo ndiye msimamizi wa kaunta. Kosa la miaka miwili iliyopita halikuwa la stoo peke yake. Lilikuwa letu sote, na aliyelirekebisha ni stoo." Mzee Msafara alikuwa amekuja mwenyewe, kasimama mlangoni. Fundi cherehani naye alikuwepo, futi yake ya kupimia shingoni, ameiacha cherehani kwa mara ya kwanza tangu pacha wao wazaliwe.

Risasi akachukua spana namba thelathini na mbili. Watu wakadhani ni mazoea. Akavuka duka lote, akampa Mama Sampuli kwa mikono miwili.

"Nenda ukapige, mama. Mimi nilipaswa kusema siku ile. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ulipobeba maboksi," akamjibu, akaenda mlangoni.

Desturi ilikuwa pigo moja. Alipiga moja, mlio ukaenda barabara nzima. Akapiga la pili. Bosi akafungua mdomo kumkumbusha, akaacha. La tatu, la nne. Watu wa ng'ambo wakatoka nje kutazama. Alipofika pigo la saba Mzee Msafara alivua kofia yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanza kuhesabu kwa sauti, na wengine wakadakia, nane, tisa, kumi, kumi na moja, mpaka kumi na mbili, pigo moja kwa kila lori lililolala juu ya mawe.

Mkono wake ukashuka. Jasho lilikuwa linamtiririka, na alikuwa anacheka.

"Yameisha?" mumewe akauliza.

"Hayo yalikuwa ya Mzee," Mama Sampuli akasema, akainua spana tena. "Hili ni langu."